YAH: Malalamiko kuhusu maji yaliyobaki chini ya sakafu baada ya kazi yenu

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kazi ya kuondoa maji chini ya sakafu ya nyumba yangu, mliyoikabidhi kuwa imekwisha, haijaisha. Maji bado yametuama chini ya sakafu ya mbao, ila sasa yamefunikwa nailoni.

Nailoni haiondoi maji. Kazi yake ni kuzuia mvuke wa udongo usipande kwenye mbao, na hutandikwa maji yakishatoka. Mafundi wenu wameitandika juu ya dimbwi, ikaelea, na maungio yakaachana. Kuzunguka kila nguzo udongo uko wazi. Inayotakiwa ni ya unene usiopungua milimita 0.15, vipande vipandane sentimita 30 na kubandikwa kwa utepe, kingo zipandishwe ukutani na kubanwa.

Kinachonisikitisha zaidi ni pampu. Shimo lake limechimbwa kona ya juu, ilhali maji hukusanyika kona ya chini. Bomba la kutolea halina vali ya kuzuia maji kurudi, kwa hiyo kila pampu inapozima, maji yaliyomo bombani hurudi shimoni, boya linaloiwasha pampu linapanda, pampu inawaka tena. Kwa mwendo huo mota itaungua mapema. Tena mdomo wa bomba umeishia chini ya ukuta wa nje, basi yanayotolewa yanapenya msingi na kurejea yalikotoka.

Juu ya hayo, matundu ya hewa yamezibwa kwa mbao. Kuyaziba kunafaa pale tu udongo wote umefunikwa barabara na kuna kifaa cha kukausha hewa. Hapa hakuna hata kimoja. Vichwa vya misumari vinatiririka maji, na bisibisi inazama kwenye baadhi ya boriti bila kusukumwa kwa nguvu. Kipimo cha unyevu kinaonyesha asilimia 24. Ukizidi 20 kwa muda mrefu, mbao iko hatarini kuoza.

Naomba kazi irudiwe, na ianzie kwenye chanzo. Kagueni gata na mabomba ya ndani: fungeni koki zote, na mita ya maji ikiendelea kuzunguka kuna bomba linalovuja. Udongo wa nje ushuke sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Ndani, chimbeni mfereji wenye mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita hadi shimo jipya la kona ya chini. Bomba lenye matundu, la kipenyo cha milimita 100, lilazwe mferejini matundu yakitazama chini, kwenye kokoto safi zilizofungwa kwa kitambaa cha kuchujia, udongo usije ukaliziba. Boriti zilizolainika zibadilishwe. Nailoni iwe ya mwisho, mbao zikishashuka chini ya asilimia 20.

Nataka ratiba ya marekebisho kwa maandishi ndani ya siku 14. Salio la malipo nalizuia hadi kazi ikaguliwe na fundi asiye wa kampuni yenu.

Wako,
Mwenye nyumba