Mdudu huyu si mchwa, tusimponde tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu wa Keko na Buguruni, hasa tunaonunua mbao za makasha na mapaleti yatokayo bandarini, juu ya mdudu aitwaye nyigu wa mbao.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nabomoa kasha la paina lililokuja na mashine kutoka ng'ambo. Kijana wangu wa kazi akaruka pembeni, "Mzee, nyigu!" Kabla sijafika, ameshamchapa kandambili. Nikamwokota. Urefu kama sentimita tatu, buluu iliyokolea yenye kung'aa kama chuma, mabawa rangi ya chai nyepesi. Kiuno hana. Nyigu tunayemjua kiuno chake ni uzi. Huyu mwili umenyooka kama kijiti, na nyuma kuna mwiba mrefu. Mwiba ule haumchomi mtu, ndio anaotobolea mti akitaga mayai.

Kwenye ubao nikakuta tundu moja, duara kamili, ungeapa limepigwa keekee. Msumari wa inchi nne unaingia bila kugusa kingo. Chini yake hakuna unga hata chembe, na hapo ndipo tunapopotea. Vidudu vinavyobungua mbao huacha vitundu kama vya pini na unga laini sakafuni. Mchwa huja na udongo wake. Yule mweusi mnene kama nyuki, anayetoboa kenchi, hutoboa tundu la kuingia kidole na kumwaga vumbi. Funza wa huyu wa buluu hushindilia unga nyuma yake anavyosonga mbele. Nilipochana ubao kwa patasi, njia nzima ilikuwa imejaa, imekazwa kama tumbaku ndani ya sigara.

Kabati lako halitaliwa upya, maana mbao kavu hataki kutagia. Ninachohofia ni misitu. Mmoja wa jamii hii, Sirex noctilio, asili yake ni Ulaya, Asia na kaskazini mwa Afrika. Mwaka 1994 alionekana Cape, Afrika Kusini, kisha akaenea kwenye mashamba ya paina ya nchi ile. Jike huingiza mtini ute wenye sumu pamoja na kuvu, mti ukanyauka umesimama. Sasa fikirieni Sao Hill na Njombe, paina vilima kwa vilima. Mimi nimesomesha watoto wanne kwa mbao za huko.

Kasha lililotibiwa kwa joto lina muhuri wa suke la ngano na herufi HT, yaani mbao imepashwa hadi nyuzi 56 katikati yake kwa dakika 30. Langu halikuwa na muhuri wowote, nami sikuangalia wakati wa kununua. Wenzangu, angalieni. Na ukimkuta mdudu wa namna hii, mtie kwenye chupa pamoja na kipande cha ubao wenye tundu, uwapelekee wakaguzi wa afya ya mimea.

Mbao zangu zilizobaki nimezifunga kwa nailoni nzito, kwa kuwa funza wake huweza kukaa ndani mwaka mzima au zaidi. Yule aliyechapwa nimemhifadhi kwenye spiriti. Kichwa kimepondeka, ila mwiba uko mzima, na kesho asubuhi nampeleka.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam