Shetani hakupanda matatu ile

Buruburu, Nairobi

Ndugu yangu Athumani,

U hali gani, na wa nyumbani hawajambo? Sisi wazima, ila baridi ya Julai imetukaba koo.

Ulinicheka tukingoja feri Likoni, niliposema kuwa "shetani alinipitia" ni maneno ya kizimbani tu. Basi leo mshtakiwa ni mimi.

Juzi magharibi nilipanda matatu ya kurudi nyumbani, nauli shilingi 80. Nikatoa noti ya 200. Makanga, kijana hata ndevu hazijamwota, noti kazibana vidoleni kama karata, akanirudishia 920. Alidhani nimempa elfu. Nikafumba kiganja. Tukapita City Stadium, tukapita Hamza, na kila kituo ningeweza kumwambia, "Kijana, umekosea hesabu." Nikawa natazama dirishani. Sikuwa na shida. Mshahara ulikuwa umeingia. Huyo shetani, kama alikuwemo, hakulipa nauli.

Nikamkumbuka Augustino, yule mwanafikra wa Kikristo aliyezaliwa mwaka 354 huko inakoitwa Algeria leo. Akiwa na miaka 16 yeye na wenzake waliiba matunda ya jirani usiku, wakaishia kuwatupia nguruwe. Hawakuwa na njaa. Alipokuwa mtu mzima akaungama kwamba alichokipenda ni ule wizi wenyewe. Kwake uovu si kitu kilichoumbwa. Ni upungufu, kama tundu kwenye kanzu, na inayolitoboa ni hiari yetu. Hapo ananipata nusu. Tundu halishiki mia nane likazitia mfukoni.

Schelling, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1809 alikaza zaidi: uhuru wa binadamu ni uwezo wa kutenda mema na mabaya. Sasa fikiria neno letu muungwana. Asili yake ni mtu asiye mtumwa, kisha likawa mtu mwenye adabu, kana kwamba aliye huru hawezi kuwa mwovu. (Neno hilo walilipamba mabwana, watumwa hawakuulizwa.) Mimi nilikuwa huru kabisa mle ndani, na uungwana sikuuona.

Lililoninyima usingizi ni swali la mwanafalsafa J. L. Mackie, la mwaka 1955: ikiwa mtu aweza kuchagua jema kwa hiari yake mara moja, mbona Mungu hakuumba watu watakaolichagua kila mara? Wanaojibu husema huo usingekuwa uhuru. Labda. Lakini pale Hamza, Athumani, ningekubali kuumbwa hivyo.

Jana nilikwenda steji. Matatu ni ile ile, makanga mwingine. Nikaambiwa yule wa juzi hesabu ilipungua, akakatwa posho ya siku. Nikauliza anakaa wapi. Hawajui, au hawakutaka kusema. Mia nane bado ninazo, nimezitia ndani ya kamusi. Kesho nitapita tena asubuhi kabla ya kazi.

Niandikie unavyoona. Msalimie mama.

Wako,
Juma