Tuachieni Wingu wetu

Mhariri,

Mwandishi wenu mmoja ametushauri tukae mbali na watu wa kununanuna, eti wanaambukiza mikosi. Mimi ni mwanika dagaa katika mwalo wa Igombe, na naomba nafasi nimtetee mzee wetu mmoja tunayemwita Wingu.

Jina tulimpa sisi wanawake wa vichanjani. Ukimwamkia, "Shikamoo Wingu, za asubuhi?" anaitikia, "Marahaba. Asubuhi yenyewe bado haijaisha." Usiku wa giza, wavuvi wanapowasha taa wakitegemea dagaa wengi, yeye anashona nyavu huku akisema wakijaa sana bei itaanguka. Mbalamwezi ikitoka na mitumbwi ikalala nchi kavu, basi tutakufa njaa. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 tulipiga vigelegele, maana safari ya Sengerema ilikuwa ni kusubiri kivuko. Wingu akauliza, waliokuwa wakiwauzia abiria mayai pale kivukoni sasa watamuuzia nani? Tukanyamaza. (Binamu yangu alikuwa mmojawapo.)

Wapo wanaosema alianza kununa MV Bukoba ilipozama, Mei 1996. Mwenyewe anakataa: yuko hivyo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake.

Sasa, mvua ya ziwani haipigi hodi. Dagaa wakilowa kabla ya kukauka wanaharibika, na mteja anayebaki ni mtengeneza chakula cha kuku. Wingu akitazama ziwani akaguna tu, maturubai yanatoka. Mara nyingi anaguna bure. Tunafunika, tunafunua, tunamcheka, naye anazidi kununa. Lakini alipougua malaria tulibaki kutazamana, kila mtu anamuuliza mwenzake, "Tufunike au tuache?" Tulimpelekea uji kwa zamu. Akasema tumezidisha sukari, tunataka apate na kisukari.

Ila jina hilo lina wenyewe. Kijana mmoja mchuuzi kutoka mjini alimwita Wingu siku ya kwanza tu kufika. Tulimkata jicho vichanja vyote, na dagaa aliuziwa kwa bei ya mgeni.

Mwandishi wenu akifika Mwanza, namkaribisha Igombe. Amwamkie mzee, amnunulie kahawa, na avumilie kuambiwa kwamba magazeti yanakufa.

Mama wa vichanjani,
Igombe, Mwanza.