Barua kutoka Munich: siku moja kwenye Oktoberfest

Munich, 27 Septemba 2024

Rafiki yangu mpendwa,

Nakusalimu sana kutoka huku Ujerumani, na natumaini wewe, mama na wote wa nyumbani Marangu hamjambo. Mimi ni mzima. Katika barua yako uliniuliza kama Oktoberfest, sherehe kubwa ya bia na bembea ya mji huu, inamfaa msichana anayesafiri peke yake na begi lake mgongoni, au kama ni ulevi wa watalii tu, kama alivyokuambia kaka yako. Nilikwenda Jumanne, nikakaa tangu asubuhi hadi usiku, na ninakujibu kwa kirefu kwa sababu naamini kwa moyo wote kwamba unapaswa kwenda, mradi uchague vizuri siku, saa na mahali pa kuketi.

Nianze na begi, kwa kuwa ndilo litakalokukwamisha kabla ya jambo lingine lolote. Begi lenye ujazo unaozidi lita 3, au linalozidi vipimo vya sentimita 20 kwa 15 kwa 10, haliruhusiwi kuingia uwanjani, na walinzi wa malangoni hawabembelezeki. Mwaka 2024 waliongeza pia vifaa vya mkononi vya kutambua chuma. Niliuacha mzigo wangu wote hosteli nikatoka na pochi ndogo iliyobeba pasipoti, simu na fedha taslimu. Asiye na pa kuacha mzigo huuweka katika makabati ya kukodi kwenye stesheni kuu ya reli, na kutoka hapo hadi uwanjani ni mwendo wa robo saa hivi kwa miguu. Kuingia hakuna kiingilio.

Kabla hujaingia, simama kidogo kwenye lango kuu. Hapo pana kumbukumbu ya watu waliouawa usiku wa tarehe 26 Septemba 1980, wakati bomu lililotegwa na mfuasi wa siasa kali za mrengo wa kulia lilipolipuka katikati ya umati uliokuwa ukirudi nyumbani. Walikufa watu 13, mtegaji mwenyewe akiwa miongoni mwao, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Niliona familia zikipunguza mwendo hapo, na mama mmoja akimwonyesha mwanawe majina kwa kidole, kisha wakaendelea kuelekea kwenye bembea. Sikuona aibu kusimama nao, ingawa sikumjua yeyote kati ya waliotajwa pale.

Uwanja wenyewe unaitwa Theresienwiese, nao una jina la bibi harusi. Tarehe 12 Oktoba 1810 Ludwig, mrithi wa ufalme wa Bavaria, alimwoa Therese wa Sachsen-Hildburghausen, na siku tano baadaye watu wa mji wakaalikwa kutazama mashindano ya farasi kwenye malisho yaliyokuwa nje ya mji. Farasi ndio waliokuwa shabaha ya siku ile, si bia. Mashindano yakarudiwa mwaka uliofuata, yakaambatanishwa na maonyesho ya kilimo, na kidogo kidogo bia ikachukua nafasi ya mbele. Baadaye sherehe ikasogezwa ianze Septemba kwa sababu usiku wa Oktoba huku ni wa baridi, ndiyo maana sasa huishia mwanzoni mwa mwezi ulioipa jina. Kipindupindu kiliisimamisha mara mbili katika karne ya 19, vita vikaisimamisha, na korona ikaisimamisha mwaka 2020 na 2021.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mahema makubwa ni majumba kamili, baadhi yake yakiwa na nafasi ya maelfu ya watu, na kanuni yake ni kwamba asiyeketi hahudumiwi. Wanaokuja kwa makundi, hasa Jumamosi, huhangaika kutoka hema hadi hema wakitafuta meza nzima, wakati meza nyingi zilikwisha kuwekwa akiba miezi mingi kabla. Lakini mtu mmoja anahitaji upenyo wa mtu mmoja tu. Siku za kazi mahema hufunguliwa saa nne asubuhi, na mimi niliingia hema la Augustiner, mojawapo ya viwanda vya bia vya mji huu, muda mfupi baada ya hapo. Mzee mmoja aliyevaa suruali fupi ya ngozi, ya zamani na iliyong'aa magotini, akanionyesha nafasi kwenye benchi lao bila mimi kuomba. Alikuwa na mkewe na wajukuu wawili, kwa kuwa Jumanne ni siku ya familia na bei za bembea hupunguzwa hadi jioni. Kwa muda wa saa kadhaa nikawa mgeni wao.

Mzee huyo alinifundisha mambo ambayo nisingeyapata katika kitabu chochote cha mwongozo. Magi, yaani kikombe kikubwa cha kioo cha kunywea bia, hushikwa kwa mpini wake, hugonganishwa upande wa chini ambako kioo ni kinene, na unapogonganisha sharti umtazame mwenzako machoni. Bendi ya matarumbeta inapopiga wimbo mfupi wa kutakiana heri, jambo linalotokea mara kwa mara mchana kutwa, kila mtu huinua magi yake, hata aliyekuwa katikati ya mazungumzo. Kusimama juu ya benchi ni ruhusa. Kusimama juu ya meza, walinzi watakutoa nje. Hadi saa kumi na mbili jioni hupigwa muziki wa matarumbeta tu, tena kwa sauti iliyowekewa kikomo, na utaratibu huo wa tangu mwaka 2005 ndio unaowawezesha wazee na watoto kukaa humo wakasikilizana.

Bia inayouzwa hapa ni ya viwanda sita tu, vyote vya mji huu: Augustiner, Hacker-Pschorr, Hofbräu, Löwenbräu, Paulaner na Spaten. Huuzwa kwa lita nzima, na mwaka 2024 lita hiyo ilikuwa kati ya euro 13.60 na 15.30 kutegemea hema, bei ambayo wenyeji wenyewe huilalamikia. Ina kilevi cha takriban asilimia 6, kwa hiyo nilikunywa taratibu sana, nikala nusu kuku wa kuchoma na mkate wa Brezn wenye chumvi, na magi yangu ya kwanza ilinifikisha saa nane mchana. Augustiner bado wanatoa bia kutoka kwenye mapipa ya mbao ya lita 200, na kila pipa jipya linapofunguliwa kengele hulia. Wahudumu, wengi wao wanawake, hubeba magi kumi au zaidi kwa safari moja. Kila moja ikijaa ina uzito unaozidi kilo mbili, nawe jumlisha mwenyewe. Hawa ndio ninaowaheshimu kuliko wote niliowaona siku ile. Mlipe mhudumu papo hapo, umwongezee kidogo, na umpishe anapopita.

Nilimweleza mzee habari za mbege, pombe yetu ya ndizi, na tukazungumza juu yake kwa muda mrefu kuliko jambo lingine lolote. Nilimwambia kwamba bibi zetu hupika ndizi mbivu, huchanganya na kimea cha ulezi, na huitia pombe ile uchungu kwa magome ya mti wa msesewe. Akafurahi sana, akasema kwao kazi hiyo ya uchungu hufanywa na maua ya hopsi, na kwamba sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 iliruhusu maji, shayiri na hopsi tu. Akaongeza kuwa tangu mwaka 1553 ilikatazwa kupika bia miezi ya joto, kwa hiyo ile iliyopikwa Machi, yenye nguvu zaidi, ilihifadhiwa mahali pa baridi hadi vuli. Alishangaa niliposema kwamba kwetu kata moja ya mbege huzunguka kwa watu wengi na mkubwa huanza. Mkewe akasogeza magi yake mbele yangu ili nionje, nami nikaonja.

Mchana niliondoka hemani na kwenda sehemu ya kusini iitwayo Oide Wiesn, ambayo hutozwa kiingilio kidogo. Hapo kuna bembea za zamani, ngoma za kienyeji na watu wanaocheza kwa hatua walizojifunza tangu utotoni. Ukiwa na muda mdogo, acha mashine za kukurusha hewani, uje huku. Halafu panda kilima hadi kwenye sanamu ya Bavaria, mwanamke wa shaba aliyesimama na simba wake tangu mwaka 1850, mwenye urefu wa zaidi ya mita 18. Ndani yake mna ngazi hadi kichwani.

Kaka yako hakusema uongo, lakini alichokisema ni habari za saa za usiku. Kwenye majani ya mteremko ule ule wa Bavaria niliwaona vijana waliolala hoi, na wahudumu wa huduma ya kwanza wakipita na machela yaliyofunikwa. Baada ya saa moja usiku njia kati ya mahema hujaa, na mikono ya watu wasio na adabu hujaa pia. Kwa hiyo ujue kwamba nyuma ya hema la Schottenhamel, katika kituo cha huduma, pana mahali palipotengwa kwa ajili ya wanawake na wasichana, ambapo jioni utapata mtu wa kukusikiliza, kukutafutia wenzako au kukusaidia kufika unakolala salama. Huduma hiyo ipo tangu mwaka 2003. Andika mahali hapo kwenye simu yako kabla hujaondoka hosteli. Mimi niliondoka mapema, kabla ya bia ya mwisho kutolewa saa nne na nusu, na treni za chini ya ardhi zilikuwa bado zinapandika bila msukumano.

Mwakani, 2025, sherehe imepangwa kufunguliwa Jumamosi tarehe 20 Septemba na kumalizika tarehe 5 Oktoba. Chagua Jumanne au Jumatano, uingie hemani asubuhi. Vitanda vya Munich hupanda bei vibaya majuma hayo, kwa hiyo tafuta cha Augsburg, ambako treni hufika kwa muda usiozidi saa moja, na uombe viza mapema kwa kuwa ubalozi hupokea maombi hadi miezi sita kabla ya safari. Ukipata tarehe, niandikie mara moja. Nikiwa bado huku nitakupokea stesheni, nami nitamwandikia yule mzee wa hemani kwamba safari hiyo tutahitaji nafasi mbili kwenye benchi.

Msalimie mama na kaka yako pia.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.