Mtandao wa kugawana faili si akiba ya faili

Ndugu Mhariri,

Mtu akiuliza namna ya kugawana faili na wenzake bila kuziweka kwenye seva ya kampuni, hujibiwa haraka: weka Syncthing, basi. Jibu ni sahihi ila limekatwa mkia. Programu hiyo, inayofananisha folda kati ya kompyuta na kompyuta moja kwa moja, ni ya bure na kuiweka ni kazi ya muda mfupi. Kinachowaliza watu huja baadaye, na mara nyingi si wadukuzi bali ni mpangilio wa folda.

Kila kifaa hujitengenezea kitambulisho kirefu cha herufi na tarakimu. Unaingiza cha mwenzako kwenye ukurasa wa mipangilio (127.0.0.1:8384 katika kivinjari), naye anakubali chako, upande mmoja ukisahau, hakipiti kitu. Ukurasa huo usiufungulie kompyuta nyingine kabla ya kuuwekea nenosiri.

Vifaa vilivyo kwenye ruta moja hutafutana vyenyewe. Kwa walio mbalimbali, inatosha ruta ya upande mmoja kuelekeza poti 22000 (mlango wa mtandao unaotumiwa na programu hii), kwa njia zote mbili za kusafirisha data, TCP na UDP, kwenye kompyuta husika. Wapo wasioweza hata hilo, kwa sababu mtoa huduma amewarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kama pande zote mbili ziko hivyo na njia ya moja kwa moja haipatikani, data hupitia seva za kupokezana, yaani kompyuta za kati zinazopokea upande mmoja na kupitisha upande wa pili: imesimbwa na haisomeki njiani, lakini huenda mwendo wa kinyonga.

Pigeni hesabu kabla ya kuanza. Kasi ya kupakia ya megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1.25 tu, hivyo gigabaiti 50 zitakula saa 11 na ushei. Afadhali kunakili folda kwa diski ya nje, kuiweka pande zote, ndipo muunganishe. Programu itakagua na kutuma tofauti peke yake. Na kompyuta mbili zisizowashwa wakati mmoja hazitakutana kamwe, kwa hiyo iwepo mashine moja, hata ndogo, isiyozimwa.

Sasa kufuta. Faili ikifutwa kwa mmoja, inafutwa kwa wote. Ipo kinga ya kutunza matoleo ya zamani, lakini huja ikiwa imezimwa, na wengi huiwasha kwenye kompyuta yao pekee wakidhani wamejikinga. Sivyo inavyofanya kazi: hutunza toleo la zamani pale tu badiliko linapotoka kwa kifaa kingine. Ukifuta kwa mkono wako, kwako halibaki kitu. Litabaki kwa mwenzako, endapo naye ameiwasha. Iwasheni kote. Anayehitaji kusoma tu, folda yake iwekwe kwenye hali ya kupokea tu, ili akikosea kosa lisitoke nje ya mashine yake.

Wawili wakihariri faili moja bila kuonana mtandaoni, iliyohaririwa mapema zaidi hubadilishwa jina na kuongezewa maneno «sync-conflict» pamoja na tarehe. Haipotei, lakini saa za vifaa zisipokuwa sawa, inayosukumwa pembeni inaweza kuwa ndiyo mpya. Hifadhidata ya programu ya uhasibu inayoendelea kutumika msiiweke humo kabisa. Itanakiliwa nusunusu na kuharibika.

Mtego mbaya kuliko yote ni diski ya nje. Ndani ya kila folda inayogawanwa programu huweka alama, folda ndogo iitwayo .stfolder. Diski ikichomoka, alama haionekani, na programu husimama na kulalamika. Hapo mtu asiye na subira huiunda alama hiyo kwa mkono ili ujumbe wa kosa uondoke. Programu huiona folda tupu yenye alama, huamini kwamba faili zote zimefutwa, na huwapelekea wenzake wote amri ya kufuta. Ujumbe huo ukitokea, angalieni kwanza kama diski imechomekwa.

Fundi wa mitandao