Siku za kubomoa zihesabiwe tangu mwanzo

Mhariri,

Msimu wa matamasha unakaribia na vijana wa Jinja, hapa Uganda, wameanza tena kuandikisha majina ili wakajitolee. Naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie wenye matamasha jambo moja. Kubomoa jukwaa ni kazi kamili, tena ina hatari kuliko kulijenga. Iwekewe siku zake, chakula chake na msimamizi wake kabla nguzo ya kwanza haijasimama.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, mkazi wa Walukuba. Kwa miaka kadhaa nimewaongoza vijana wanaojitolea kusimamisha majukwaa, mahema na malango kando ya Nile, upande huu wa Jinja na ule wa Njeru. Wengi ni wanafunzi wa ufundi, wengine ni waendesha boda boda wanaopenda muziki. Siku za kujenga ni furaha tupu. Watu wanajaa, posho (ugali) na maharage vinafika kwa wakati, picha zinapigwa, na kila apitaye anataka kushika kamba. Kila kijana anajua kwamba akimaliza atavalishwa bangili ya kuingilia bure.

Muziki ukizimwa, bangili ile haina kazi tena. Asubuhi ya kubomoa wanabaki wachache ambao hawajalala, mpishi ameshaondoka na sufuria zake, na mwenye lori anapiga honi. Mabomba ya jukwaa na vibano vya kuyaunganisha, vingi hukodiwa Kampala, na hulipiwa kwa siku. Mwenye tamasha akikodi hadi usiku wa mwisho tu, kila saa ya kubomoa inamla mfukoni. Ndiyo maana tunasikia "haraka, haraka" kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kupanda hata ngazi.

Haraka hiyo ndiyo inayovuruga utaratibu. Jukwaa hubomolewa kinyume cha lilivyojengwa: zishuke kwanza spika na taa, lifuate turubai, kisha vyuma vya juu. Mabomba ya mshazari, yale ya kukingama yanayozuia nguzo zisiyumbe, na waya za kukazia hukaa mahali pake mpaka kila kilichokuwa juu kiwe chini. Lakini mshazari uko karibu na mkono, na kijana mwenye spana anataka aonekane anafanya kazi. Anaufungua. Nguzo bado zimesimama, basi anadhani hakuna kilichoharibika, anahamia wa pili. Yule aliye juu hana habari kwamba anachokikanyaga hakishikwi tena na kitu.

Mwaka jana, katika tamasha ambalo sitalitaja, lango lililofunguliwa mishazari hivyo lililala ubavu, na kijana wa Bugembe aliyekuwa juu yake akaanguka nalo. Bomba la mita 6 la aina tunayotumia lina kilo 26 hivi. Lilimpata mguuni, mguu ukavunjika mahali pawili. Alipelekwa hospitali kwa boda boda, amebanwa kati ya dereva na mwenzake, kwa kuwa gari la wagonjwa lililokaa pale siku zote za muziki lilikuwa limeshaondoka. Wenye tamasha walisema hakuwa mwajiriwa wao. Matibabu tulichanga sisi, na mama yake akauza mbuzi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Naiomba Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii iseme waziwazi kuwa anayejitolea naye apewe kofia ngumu, glavu, buti na mkanda wa kujifunga juu, na kwamba gari la wagonjwa lisiondoke mpaka chuma cha mwisho kipakiwe.

Hali ya hewa ya ziwa letu nayo haimngoji mtu. Turubai la mita 10 kwa 10 lililolegea, ambalo maji hayana pa kutokea, likipigwa na mvua ya milimita 10 tu hubeba lita 1,000, yaani tani nzima. Upepo ukilishika, linavuta kama tanga. Huko Indiana, Marekani, Agosti 2011, upepo uliangusha paa la jukwaa na watu 7 wakafa. Toronto, Juni 2012, paa liliporomoka kabla milango haijafunguliwa, likamuua fundi wa ngoma wa bendi. Wasikilizaji walikuwa bado nje. Waliokuwa chini ya vile vyuma ni watu wa kazi.

Burning Man, tamasha la jangwa la Nevada, hujenga mji mzima na kuuondoa, na watu wake hubaki majuma kadhaa wakiokota hata misumari, maana ardhi ni ya serikali na hukaguliwa. Kule Glastonbury, Uingereza, wanaojitolea kupitia Oxfam huweka amana inayorudishwa wakimaliza zamu zao. Hapa kwetu hilo la amana haliwezekani. Kijana anayehesabu nauli ya kutoka Bugembe atoe wapi? Mimi ningeligeuza. Mwenye tamasha ndiye aweke fedha kwa halmashauri ya jiji kabla ya kupewa kibali, na fedha hizo ziwalipe wabomoaji chakula, usafiri na bima.

Najua wapo watakaosema kujitolea ni kujitolea, na watanitajia bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kijiji isiyo na malipo, ya wazee wa Buganda. Naiheshimu sana. Lakini wazee wale walisafisha njia yao na kisima chao, na jioni maji waliyachota wao. Tamasha lina tiketi, na fedha za tiketi zina mwenyewe.

Sisi mafundi wa Walukuba tuko tayari kubaki. Vyuma vikodiwe siku mbili zaidi, kazi ianze baada ya wabomoaji kupata usingizi, ifanyike mchana, na mtu mmoja tu ndiye atoe amri ya kufungua. Wenye tamasha waje tukubaliane hayo kwa maandishi kabla lori la kwanza halijavuka daraja la Nile.

Fundi wa vyuma,
Walukuba, Jinja