Wenye nyumba za Watamu, wapeni wageni saa za maji kujaa na kupwa

Mhariri,

Matangazo ya nyumba za likizo Watamu husifu upepo na mchanga mweupe, lakini mgeni haambiwi bahari inapwa saa ngapi. Matokeo yake anafika ufukweni na taulo mkononi, akute maji yamekwenda mbali na mbele yake ni miamba na fungu la majani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku za bamvu, yaani za maji makubwa, bahari hupwa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni. Kila siku inayofuata saa hizo huchelewa kwa kama dakika 50. Mwenye nyumba abandike karatasi mlangoni, aifuate kalenda ya maji kujaa na kupwa ya bandari ya Kilindini, Mombasa.

Karatasi hiyo ndiyo inayopanga siku. Maji yakipwa, panda mashua kwenda matumbawe ya hifadhi ya bahari: kina ni kifupi, samaki wanaonekana. Ukitembea mwambani vaa viatu vya soli ngumu, maana mwiba wa urumbu, yule mnyama wa baharini mwenye miiba, hukatikia ndani ya nyayo. Mtumbwi wa kuingia hori la Mida unataka maji yaliyojaa, la sivyo mtakwama kwenye tope la mikoko. Magofu ya Gede, yaliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2024, hayangoji maji. Nendeni asubuhi kabla ya jua kali.

Na tafadhali, wenye nyumba, waambieni wageni pia kama maji ya kisima ni ya chumvi. Mtungi wa lita 20 wa maji ya kunywa uwepo jikoni kabla hawajafika.

Msomaji,
Kilifi